Mtama Mfupi wa Nkowe

Baba Zuhura,

Nimetoka eda, na jambo la kwanza ninalokuandikia ni ugomvi. Usigune. Ulinioa ukijua hata chumvi ya dukani naionja kwanza kabla sijaibeba.

Tulikuzika mtama ukiwa ndiyo kwanza unachipua. Mimi nikaingia ndani miezi minne na siku kumi, na shamba letu la Nkowe akalishika mdogo wako, Hamisi. Sikupenda. Kila alipokuja kunijulia hali nilimuuliza mtama vipi, naye alijibu yaleyale, "Unaendelea, shemeji." Unaendelea kwenda wapi? Mtu mwenye habari njema hasemi kwa kuangalia mlango.

Jirani yetu Bi Somoe ndiye aliyenimwagia yote. Alimwona Hamisi na bomba mgongoni, anapuliza mtama wakati shambani hakuna mdudu hata mmoja. Tangu hapo mtama wake yeye Bi Somoe umepita kichwa cha mtu, wetu umeishia kifuani. Siku ile ugali ulinishinda. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema. Anaudumaza mtama makusudi, ionekane mjane hawezi shamba, kisha ukoo ulichukue. Na mimi na Zuhura tungekula wapi?

Siku ya kutoka eda nilitakiwa kwenda kwa ndugu zangu Nachingwea. Sikwenda. Nilipanda bodaboda moja kwa moja hadi shambani. Kweli ulikuwa mfupi, mabua manene, majani yamekoza kijani mpaka nikaogopa. Nikang'oa shina moja, nikanusa mizizi. Ilinuka udongo tu. Nikaondoka nalo hivyohivyo.

Nikawaita wazee wa ukoo. Nililaza lile shina katikati ya mkeka, nikamwambia Hamisi mbele ya wote kwamba ametia sumu shamba la marehemu. Aliinuka, akaenda kwake, akarudi na chupa, akaiweka kando ya shina.

Shingoni mwa chupa kulikuwa na utepe wa chandarua cha bluu, umefungwa mafundo mawili.

Baba Zuhura, nani mwingine hufunga hivyo chupa za dawa ya shamba, ili mtoto akiona utepe asiguse? Nilikugombeza wiki nzima ulipokichana kile chandarua. Mafundo yalikuwa yako. Nilitamani mkeka unifunike.

Ndipo Hamisi akasema. Ulimpa ile chupa ulipokuwa huwezi hata kukaa, ukamwambia, "Mama Zuhura asijue mpaka avune." Kwamba mwaka jana tulitia mbolea ya kukuzia, mtama ukarefuka kupita kiasi, upepo ukaulaza, mchwa wakala masuke chini, nami nikaketi kwenye matuta nikalia. Kumbe ulikuwa unaniona. Ukaenda kwa bwana shamba, akakueleza kuna dawa inayozuia bua lisirefuke, lipate unene wa kubeba suke.

Nilimwomba Hamisi radhi palepale, mbele ya walewale. Akasema yameisha. Siku hizi akija hapiti ukumbini, anasalimia akiwa uani. Hilo ni kosa langu, lakini na wewe una fungu lako.

Wiki iliyopita upepo ulivuma siku mbili. Mtama wa Bi Somoe umelala wote. Wetu umesimama. Hata hivyo dawa hiyo siiamini bado, mwaka mmoja si ushahidi. Na wewe pia nakutilia shaka sasa. Ni mangapi mengine uliyonificha ukidhani unanihurumia? Nimepekua sanduku lako mara mbili. Sikukuta kitu, na nimesikitika kwamba sikukuta kitu.

Ungeniambia, ningekataa. Najua. Ndiyo maana inaniuma.

Pumzika, mume wangu. Msimu ujao tutatia mbolea, na Hamisi atapuliza dawa yako, isipokuwa mistari minne ya upande wa kichuguu. Hiyo naiacha bila kitu, tuone nani mkweli. Na nakuahidi, kabla sijamsema mtu mbele ya wazee, nitaanza kwa kumfuata kwake nimuulize.

Chupa nimeirudisha darini, pale ulipokuwa ukiziweka. Mafundo sijayafungua.

Mkeo,
Mama Zuhura