Ua Lako Linaoza

Kwa Shadya, mjukuu wangu uliye Maskati,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Anayeandika ni Violeth wa chumba cha pili, nami nimemkataza kunilainishia maneno. Hapa Narung'ombe tupo. Paka amezaa kwenye kabati lako.

Lile ua lako la majani manene, ulilosema halipatikani Bongo nzima, linaoza. Uliniagiza nilimwagilie mara moja kwa mwezi, nikaona huo ukatili. Kila nikitawadha, maji yaliyobaki kwenye birika nalimiminia. Mara tano kwa siku, Shadya, nikidhani nachuma thawabu! Juzi nimelishika, shina likabonyea kama papai bovu.

Violeth akasema, "Bibi, hili la jangwani, umelilima kama mpunga!"

Nikamwambia afunge domo, alete kisu. Kipande kizima tumekiweka dirishani kikauke, ndipo tukipande mchangani. Kama kitashika, sijui.

Ijumaa uliponiuliza kwenye simu, nilisema linastawi. Nilikudanganya. Nawe nilipokuuliza hali, ukasema nzuri, huku namsikia mama unayemfanyia kazi za ndani akipumua pembeni yako. Sauti yako nimeilea mimi, naijua.

Ndiyo maana nimetuma karatasi, kwa mkono wa Bi Rukia, anayekuja huko Maskati. Mimi kweli yangu nimeitoa. Yako mpe yeye: wanakupiga? Pasi yako ya kusafiria wameificha? Ukimjibu ndiyo tu, atakupeleka ubalozini siku hiyohiyo.

Usione haya kurudi mikono mitupu. Mimi naitaka hiyo mikono.

Bibi yako,
Mwanahawa