Simu Isiyo na Tundu la Laini

Jumatano, 11 Juni 2025
Nimeshuka mlimani na simu mpya! Ya zamani ilitumbukia korongoni, na laini yake. Carol, mgeni niliyembebea mizigo, aliniona nalia. Siku ya kuagana akanipa yake. Jumamosi saa kumi jioni atapiga. Agosti anarudi na wenzake sita, anataka niwe kiongozi wao wa kupanda mlima. Mimi, mpagazi wa juzi! Ana namba yangu tu, yake sikuchukua — ujinga wangu. Akinikosa atatafuta mwingine.

Alhamisi, 12 Juni
Nikirudisha namba yangu, laini mpya iingie wapi? Nimeigeuza simu pande zote, hakuna tundu. Fundi mmoja pale stendi kashauri atoboe. Nimempokonya! Khamisi, fundi wa meza ya pili, kacheka mpaka machozi. Eti za Marekani siku hizi ndivyo zilivyo. Kaniambia nibonyeze *#06#. Zikatoka namba ndefu. Ile yenye EID, kasema, ndiyo ushahidi: inakubali eSIM, laini isiyoshikika kwa mkono. Tukaingia kwenye mipangilio — haikufungwa na mtandao wa kwao. Nimeruka juu. Watu wamenishangaa, shauri yao.

Ijumaa, 13 Juni
Nimefika duka la kampuni ya simu, kurudisha namba yangu. Rukia wa kaunta kasema simu safi, tatizo ni jina. Laini ni ya Salvina. Mama! Nilikuwa nimesahau. Wakati wa kusajili sikuwa na kitambulisho, mama akaniwekea kidole. Lazima aje mwenyewe.
Nimepanda mbio hadi Uru, kijijini kwa mama. Yuko mgombani, anawakatia ng'ombe majani. Shikamoo mama, nikamweleza. Kacheka: kumbe Evelyn bado unatembea kwa jina langu!

Jumamosi, 14 Juni
Dukani tangu saa saba. Mama kavaa kitenge cha kanisani. Kidole gumba: mashine imekataa. Cha pili: imekataa. Jembe limefuta mistari yote, utomvu wa ndizi umemalizia. Rukia kamsugua kwa kitambaa, kampaka mafuta. Imekataa. Mama anaitania foleni: "Mikono hii imesomesha watoto wanne, leo mashine haiijui!" Wote wamecheka. Mimi pia. Naipenda mikono hii.
Saa kumi kasoro robo. Kimebaki kidole kidogo cha kushoto.
"Andika hayo mambo yako, mwanangu," kasema. "Usinitazame, unanitia woga."
Sitazami. Kakiweka. Taa ya mashine imewaka kijani, Rukia kainamia kioo, foleni nzima imesogea kuchungulia —