Mlango Aliouacha Baba Editha

Ilomba, Mbeya

Mama yangu mpenzi,

Kamwene. Shikamoo, mama. Mjukuu wako Editha naye anakuamkia, yuko hapa pembeni anapiga pasi sare yake. Goti la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Na yule kuku mweupe, bado anatagia kwenye kapu la mahindi? Sisi tunapumua, tunakula, mafua tu ndiyo hayatuachi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa naanza kulia, na vocha inaisha kabla sijasema neno. Safari hii sitaki kulia. Nina hasira, mama. Nina hasira tangu Jumamosi ya wiki iliyopita, hata sindano za cherehani nimevunja mbili. Kaka Fide atakusomea taratibu. Fide, usiruke mahali.

Unajua tulipomzika baba Editha hapo Kalenga nilikaa nyumbani mwezi mzima. Kodi yetu ya miezi sita iliishia hukohuko msibani. Niliporudi nilimfuata baba mwenye nyumba mwenyewe, kabla hajaniita. Nikamwambia nimechelewa, nashona sare za shule, anipokelee kodi ya mwezi mmojammoja mpaka nisimame. Akasema yeye hauzi nyanya, hapimi kwa fungu. Anataka miezi sita kwa mpigo. Nikamwomba tena. Ndipo akasema neno ambalo nimeshindwa kulimeza mpaka leo:

"Mkataba niliandikishana na mumeo. Mumeo hayupo, mkataba haupo. Jumamosi nikute chumba kitupu."

Hakuniandikia karatasi yoyote. Jumamosi nilikwenda kushona kama kawaida, nikijua hata akija atagombana na kufuli. Hakugombana na kufuli. Mimi na Editha tuliporudi jioni tulikuta mlango hakuna. Alifungua bawaba, akabeba mlango mzima na kufuli langu likining'inia. Vyombo vyetu vilikuwa palepale, vinatazamwa na kila anayekwenda bombani. Editha akasimama pale, akaniuliza, "Mama, sasa mtu atabisha hodi wapi?"

Wewe uliuona mlango ule ulipokuja kutuona. Tulipohamia, chumba kilikuwa na bati lililotoboka tu. Baba Editha alikuwa fundi seremala, hakuweza kulala nyuma ya bati. Akaenda mpaka Nyololo kuchagua mbao, akapanda nazo juu ya lori, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, anacheka. Siku mbili alipiga randa hapo uani. Fremu ya chumba hiki imepinda, upande wa kushoto umezama. Hakuigusa, alisema nyumba si yetu. Akaukata mlango upinde vilevile. "Nimeufuatisha fremu," aliniambia, penseli iko sikioni. Upande wa ndani ndipo alipokuwa akimpimia Editha urefu kila shule ilipofungwa. Huyo mtu alibeba na vile vistari, mama. Vistari vya mtoto!

Nilifunga kitenge mlangoni. Jirani yangu mama Sekela, Mnyakyusa mwenye mdomo na mwenye moyo, alileta meza yake tukaziba chini. Jumapili baba mwenye nyumba akapita kuangalia kama tumeondoka. Mama Sekela akapaza sauti, "Mwe! Baba mwenye nyumba, umesahau choo! Njoo ukibebe nacho, tutakusaidia kunyanyua!" Wapangaji wote wakacheka. Mimi sikuweza.

Jumatatu nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mkataba wetu mkononi. Nilidhani nitafukuzwa, kwa kuwa kuchelewa nimechelewa kweli. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi. Alimwita baba mwenye nyumba, akamuuliza mbele yangu, "Notisi ya maandishi iko wapi?" Hana. "Amri ya baraza la ardhi au ya mahakama iko wapi?" Hana. "Sasa mlango umeung'oa kwa kibali cha nani?"

"Nyumba yangu, mlango wangu," akasema. "Huyu anadaiwa, mwenyekiti. Unataka nimbembeleze kama bibi harusi?"

Mwenyekiti akasema deni ni deni, hata mimi nisidhani limefutwa. Lakini kufa kwa mume hakumtoi mke ndani ya chumba walichopanga pamoja. Akitaka nitoke, aandike notisi, aende barazani, huko tutasikilizwa wote wawili. Kumng'olea mpangaji mlango ni kosa, na linashitakiwa. Mama, kumbe maneno hayo yapo! Na mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga sufuria kwenye kanga. Hapo ndipo hasira iliponipanda zaidi, kwamba nilikuwa tayari kuondoka kwa kutojua tu.

Nikasema, "Deni nalikubali. Mlango ni wa mume wangu. Twendeni tukautazame."

Alikuwa ameshaupeleka kwenye chumba kingine anachotaka kupangisha, mtaa wa pili. Tulimkuta fundi wake anatoka jasho. Haufungi. Juu unagonga, chini mkono mzima unapita. "Mzee, mlango huu mbovu," fundi akasema, "aliyeutengeneza alikuwa amelewa." Akashika msumeno aunyooshe.

Mimi ambaye hujawahi kunisikia nikipiga kelele, nilipiga. "Weka chini!" Nikawaambia waulaze. Kwenye ubavu wa juu, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama, kulikuwa na mwandiko wa baba Editha kwa penseli: Chumba cha mama Editha. Umepinda makusudi.

Mwenyekiti aliyasoma maneno hayo kwa sauti. Fundi akaweka msumeno chini, akavua kofia, akaniambia pole. Baba mwenye nyumba akawa anatazama viatu vyake. Sikumhurumia.

Yeye na fundi wake waliubeba mchana kweupe, mama Sekela akiwasindikiza kwa vigelegele. Ukaingia kwenye fremu yake, ukafunga kwa sauti ileile ya zamani. Tumeandikishana kwa mwenyekiti, kwa jina langu sasa: nalipa kodi mwezi kwa mwezi, na ya nyuma kidogokidogo. Na imeandikwa kwamba mlango ni wangu.

Ulisema nirudi nyumbani. Nitarudi, mama, Editha akimaliza darasa la saba. Lakini nitatoka hapa kwa miguu yangu. Hasira bado ninayo. Nikimkuta baba mwenye nyumba bombani namwamkia kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, basi.

Nisalimie shangazi aliyenifunga kitambaa siku ya mazishi, na Vumilia anayekuchotea maji, na katekista aliyetusomea sala pale kaburini. Ukipita kwa baba Editha, mng'olee majani upande wa kichwani. Hakupenda kitu kimguse sikio, isipokuwa penseli.

Na wewe Fide unayesoma: kile chumba cha nyuma mlichosema mtaniwekea mlango, msiweke. Nitakuja nao. Ukitengeneza fremu, upande wa kushoto ushushe vidole viwili. Usiunyooshe.

Mwanao anayekukumbuka kila akifunga mlango,

Yusta, mama Editha