Kapteni Tafadhali

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini goti la Mama limepoa. Bila shaka gazeti limekufikia kabla ya barua hii. Ni kweli, nimetunukiwa nishani. Tulizingirwa kilimani, mimi na askari wangu watatu, tumejibana shimoni, na adui amesogea hata tukamsikia akikohoa. Nikaiagiza mizinga yetu kwa redio ipige pale pale tulipokuwa. Sote tumetoka hai.

Vijana wamenibandika jina: Kapteni Tafadhali. Wanasema kila agizo nililotoa redioni nilimalizia kwa neno hilo. Sajini aliniuliza, "Afande, ulikuwa ukiagiza makombora au ukiomba chumvi mezani?" Tulicheka mpaka machozi.

Mkuu wa kikosi amenipa hiari: nikafundishe katika chuo cha mizinga, au nirudi kilimani. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Nifanyeje, Baba?

Mwanao.

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, goti la mama yako linamsumbua akipanda ngazi tu. Fundi cherehani wa jirani ameikata picha yako gazetini akaibandika juu ya mashine yake, na kila mteja hulazimika kuitazama kabla ya kupimwa.

Umeniuliza, nami nakujibu bila kuzunguka. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Mwenye nishani haiachi mizinga yake. Rudi kilimani.

Baba yako.

21 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefuata ushauri wako. Nimekwisha kumjibu mkuu wa kikosi. Tunapanda kilimani wiki ijayo. Chakula ni kizuri. Vijana wana ari.

Tafadhali usimwache Mama asikilize taarifa ya habari peke yake. Tafadhali mwambie koti langu la kijivu asiligawe. Na ile taa ya ukumbini, Baba, bado mnaiacha ikiwaka? Iacheni, tafadhali.

Mwanao.

30 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Safari hii natumaini kwa maana ya neno lenyewe.

Mama yako aliisoma barua yako akiwa amesimama jikoni, kisha akaketi. Akaniambia, "Mtoto anaogopa." Nikamkemea: mtu aliyetunukiwa nishani! Akanijibu, "Baba wee, umemsahau mbwa wa muuza mkaa?"

Nilikuwa nimemsahau. Mbwa yule alikuzuia langoni ukiwa mdogo. Hukulia, wala hukukimbia. Ulisimama wima, mikono ubavuni, ukamwambia, "Tafadhali, nipishe." Hata kwa mng'oa meno ulifanya vivyo hivyo. Siku nyingine zote neno hilo tulilitafuta kinywani mwako kwa tochi, hatukulipata.

Kumbe kule kilimani ulikuwa ukitetemeka, nawe ukaendelea kutoa maagizo. Gazeti halikuandika hivyo, nami barua zako sikujua kuzisoma. Sasa naiona nishani yako ni kubwa zaidi, na ushauri wangu naona ulikuwa wa mtu aliyeketi sebuleni.

Naufuta. Mwambie mkuu wa kikosi kwamba umebadili nia. Akikasirika, aniandikie mimi. Chuoni utawafundisha vijana jambo ambalo wasioogopa hawalijui.

Koti lipo. Taa inawaka.

Baba yako.

26 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Hujatujibu. Tarishi wa posta siku hizi akifika kwetu huharakisha baiskeli, kana kwamba kosa ni lake. Redio inasema kilimani kuna mapigano. Haisemi zaidi, na mama yako haizimi.

Leo asubuhi gari la jeshi lilisimama mbele ya nyumba. Dereva akashuka, akavaa kofia yake vizuri, akaja mlangoni. Mama yako akashika ukuta. Mimi nilimfungulia. Nilijikuta nimesimama wima, mikono ubavuni, na kabla hajafumbua kinywa nikamwambia, "Tafadhali, mwanangu, pita. Tafadhali."

Alitaka maji. Gari lake lilikuwa limechemka.

Nikamjazia ndoo, nusu ikamwagikia viatu vyangu. Alipoondoka mama yako alinitazama sana. Koti lako limetundikwa karibu na mlango, chini ya taa.

Andika, japo mstari mmoja. Ukiweza kuja, usiandike, njoo.

Tafadhali.

Baba yako.