Lebo za Sindano Moja

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha miaka thelathini ya kuwashonea wengine kiwandani. Simu yangu hupokei, basi soma.

Mlango wa duka umeshapakwa rangi. Jina ni lile lile, Sindano Moja. Dada wa duka la simu hapo jirani anasema jina lisiposajiliwa kwenye mtandao ni kama kiti cha kinyozi, ukizubaa mwingine kakaa. Nisajilie wewe, fundi wetu wa kompyuta. Nataka kudarizi anwani ya tovuti kwenye lebo ya kila sare ya shule. Ukisema tayari, naanza.

Mama yako

9 Februari

Shikamoo mama,

Huku salama, kazi tu haziishi. Pole na magoti.

Tayari, mama. Jina nimelisajili, ni lako, hakuna wa kuligusa. Darizi mpaka mkono uchoke.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi chakula hakipiti.

Lebo mia nne nilizidarizi, na sare zote zilichukuliwa na shule moja. Jana mwalimu mkuu kaniita. Mzazi mmoja kafungua anwani iliyo kwenye ukosi wa mwanawe, kakuta duka la mtu mwingine, sare za kitambaa cha kuonyesha mwili. Mwalimu alinionyesha kwenye simu yake mbele ya wazazi wawili. Kasema nisipolimaliza hili, oda ya mwakani anampa mwingine, na unajua sina shule nyingine.

Nadhani kosa ni langu. Mdomo huu! Dukani kwa muuza vifungo nilijisifu kwa jina hilo kwa kila aliyesimama. Labda mtu alisikia akaliiba. Hivi jina lililosajiliwa linaibika? Niambie, nijue la kumjibu mwalimu.

Mama yako

28 Mei

Shikamoo mama,

Mimi sijambo. Mambo ya mtandao ni magumu kueleza, wezi wamejaa. Usijilaumu sana.

Mwanao

19 Juni

Shikamoo mama,

Sijui nikuulize hali kwa uso gani.

Sikulisajili. Ile Februari nilitafuta, nikaona jina liko wazi, nikafurahi kama nimeshalipata. Ilibaki kazi ya dakika kumi. Wenzangu wakaniita tukatazame mpira, nikasema kesho. Nikakuandikia "tayari" ili usiniulize tena, nikijua nitalimaliza Jumamosi. Jumamosi ikapita, nikasahau kabisa. Barua yako ya Mei ndiyo iliyonifanya nifungue tena, nikakuta lina mwenyewe.

Na bado nikakuacha ujibebeshe mzigo wangu. Nikaandika "usijilaumu sana." Hiyo "sana" inanitafuna, mama. Naona aibu hata kuvaa shati ulilonishonea. Niambie nifanye nini.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yana nafuu.

Nilijua. Usajili una tarehe, na kumbe mtu yeyote anaweza kuitazama. Dada wa duka la simu alinionyesha siku ile ile nilipotoka kwa mwalimu. Jina lilichukuliwa mwishoni mwa Machi, na wewe uliniambia tayari Februari. Nilikaa pale dukani mpaka akaniletea maji. Kisha nikaenda nyumbani, na kesho yake nikakuandikia kwamba kosa ni langu, nikingoja uniambie hapana. Jibu lako lilipofika nililificha, baba yako asilione. Niliona aibu kwa ajili yako, na hilo sijalizoea.

Jina jipya la tovuti nimelisajili mwenyewe, pamoja na miisho mingine miwili ya anwani hiyo, asije mtu akajibanza pembeni yangu. Nywila ninayo mimi. Wewe sikupi, na usiniombe. Siku nikitaka nitakupa.

Mwalimu amekubali kunivumilia na kunikusanyia sare zote likizo hii, mradi kila ukosi uwe na lebo mpya kabla shule hazijafunguliwa. Mpya nitadarizi mimi. Za zamani zinataka kufumuliwa moja moja, na macho yangu hayana haraka tena. Njoo Ijumaa. Mkasi mdogo nimeshaunoa.

Sare zote mia nne ziko juu ya kitanda chako. Ukitaka kulala, utafumua kwanza.

Mama yako