Takataka za Alfajiri

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimejisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kunisifu. Nimefukua majani makavu kwenye tuta la mihogo, nikatia kidole — chini kuna unyevu! Na jua lote hili! Jirani zetu wanachoma mashamba yao kungojea mvua, moshi unatuwasha macho. Sisi kikundi cha wanawake hatuchomi. Majani, makumbi, mwani, vyote tunatandaza juu ya udongo.

Chaquir, mkuu wa bairro, mtaa wetu huu, kapita akasema tunalima jalala. Nikamwambia karibu Jumamosi, utakula kunde za jalala. Kacheka, lakini hakunifurahisha. Jumamosi watu wa bairro watakutana hapohapo shambani waamue: tubaki nalo, au apewe yeye afyatulie matofali. Mimi nina pa kulima kwa mume wangu. Ermelinda hana. Alishuka na wanawe kutoka bara wakati wa vita, na kipande hicho ndicho chakula chake.

Tutashinda tu. Wahida mimi!

Jumatano, 5 Novemba

Naenda Namoto, kule mpakani, na Ermelinda, kuchukua mbegu za mbaazi kwa binamu yangu wa ng'ambo ya mto. Tutalala huko. Shamba namwachia mama mkwe, Bi Hafsa. Kazi yake kumwagilia miche, basi. Yeye anauliza wageni wa Jumamosi watakaa wapi, mikeka ipo? Nimemwambia asihangaike. Bi Hafsa, asihangaike! Mtu anayefagia uwanja wake mpaka anafika kwa jirani.

Alhamisi, 6 Novemba

Ya Rabi! Kafagia shamba.

Shamba zima! Kakusanya wanawake wa bairro, wakafagia kila jani katikati ya matuta, wakarundika, wakatia moto. Udongo mtupu, umejaa mistari ya ufagio, safi kama uwanja wa harusi. Miche imelala. Lile tuta la Jumatatu — vumbi.

Na mwenyewe kasimama pale anatabasamu, anangoja nimshukuru. Wageni wanakuja, anasema, angeniachaje niaibike mbele za watu?

Nikampigia kelele. Mama wa mume wangu! Nikamwambia heri angebaki kulala. Kanitazama, kaweka ufagio chini, kaenda zake. Ermelinda alikuwa anamwagilia mihogo kwa kikombe, shina moja moja. Roho imeniuma kote kuwili.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala nimeenda kumwomba radhi. Nimepiga magoti. Kanimiminia chai, neno hakunipa.

Basi nikaongea peke yangu, macho kwenye kikombe. Kwamba kila nyumba hapa inafagia alfajiri, na kila nyumba inachoma takataka zake nyuma. Majani yote yale! Tungeyapata kesho, shamba lingefunikwa tena. Nikamaliza chai, nikaosha kikombe, nikatoka.

Jioni nimemwona anatoka mlango huu, anaingia ule. Labda ananisema. Haki yake.

Miche bado hai. Nikiwa na hasira ndiyo kwanza napata nguvu, kesho nitasema mpaka wachoke.

Jumamosi, 8 Novemba

Niko shambani, daftari gotini. Chaquir anadhani naandika acta, kumbukumbu za mkutano. Aandike mwenyewe!

Ndiye kaanza: tazameni palivyo safi leo, matofali yatakauka vizuri hapa. Watu wakacheka. Nikasimama, nikasema udongo huu juzi juzi ulikuwa na maji chini ya majani, mkitaka muulizeni Ermelinda. Sijamaliza, wanawake hao! Foleni! Kila mmoja kapu kichwani, takataka zake za alfajiri — majani ya mkorosho, makuti, maganda ya kunde. Na mbele yao Bi Hafsa, na kanga zake za Idi. Takataka kichwani, mbele ya wageni! Yeye! Nimelia, sioni haya.

Ermelinda keshaanza kutandaza. Chaquir kanuna, anasema maneno basi, wanaotaka kikundi kibaki na shamba wanyooshe mikono. Huyu kanyoosha, yule kanyoosha. Wengine wanamwangalia Chaquir kwanza. Mkono wangu wa kushoto uko juu, wa kulia unaandika. Bi Hafsa yuko katikati, kapu bado kichwani, kalishika kwa mikono miwili. Ananigeukia. Neno la kwanza tangu juzi:

"Wahida, acha kuandika. Njoo unitue, na mimi ninyooshe."