Joho la Babu Ukutani

Jumamosi, 7 Septemba 1963

Mkuu wetu wa shule anarudi kwao Uingereza. Asema ni joto. Miaka kumi na miwili joto halikumsumbua, uhuru umekaribia ndipo anatoka jasho! Kaniachia kamera ya sinema, projekta na mikanda mitatu. Basi mwalimu wa darasa la nne sasa ni mtengeneza filamu. Nitazitia kwenye filamu picha zilizo ukutani kwetu hapa Likoni, moja moja, nijue sisi ni nani hasa.

Baba kafurahi mno, jambo la kutia shaka. Ataalika wageni wamwone Babu kwenye filamu: joho jeusi la tarizi, jambia kiunoni. Lile kovu la moto begani mwa joho ni cheche ya mzinga, asema. Mzinga upi, hajapata kutaja.

Ni kwa ajili ya joho hilo Nguma alikataliwa aliponiposa. Kijana kasilimu, anaswali kuliko kaka zangu, ana kazi posta — lakini Mgiriama. Mwacha asili ni mtumwa, Baba akamwambia, akampa kahawa, akamfungulia mlango. Na mimi namtaka. Naandika hapa kwa kuwa kwingine siwezi kusema.

Jumapili, 15 Septemba

Feri, kisha daraja la Nyali, hadi Utange kwao Nguma. Shangazi Waridi kanisindikiza — heshima lazima, na korosho za kule anazipenda.

Nikaomba kuitia kwenye filamu picha ya ukutani kwao. Babu yao. Joho jeusi. Jambia. Nyuma yake pazia lile lile lililochorwa nguzo. Kovu lile lile begani! Hapa wasema ni kucha za simba.

Njiani Shangazi kacheka mpaka kaketi chini. Joho lilikuwa la mpiga picha wa mjini, asema. Kila aliyeingia na kanzu kuukuu alivishwa. Kovu ni la pasi ya makaa. Yeye alikuwapo, mtoto mdogo, Babu yetu akivuliwa haraka ili mwingine avae. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," kasema. Kisha kanisihi nisimwambie Baba, nduguye.

Jumatano, 9 Oktoba

Redio: Mwambao wetu, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, unaingia Kenya, basi. Baba kaizima. Hakula. Kaifuta fremu ya Babu kwa kikoi chake, taratibu, kona kwa kona. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Sasa kabakiwa na joho tu.

Jumapili, 24 Novemba

Filamu imerudi kutoka kusafishwa Ulaya. Tumeionyesha alasiri darasani kwangu, maana umeme uko huko. Giza hakuna, basi mashangazi wakavua mabuibui wakayatundika madirishani. Wanaume upande ule, pazia katikati, stara imekamilika!

Nilikuwa na mkasi tangu asubuhi. Ningeweza kuikata ile ya Utange. Sikuikata.

Babu akatokea. Baba akasimama mbele ya shuka tuliyoitundika iwe skrini, kama mwalimu: "Tazameni bega! Cheche ya mzinga!" Akafuata babu wa pili, bega lile lile. Projekta tu ikinguruma. Mtu akauliza, huyu naye nani? Nikasema: babu yake Nguma.

Baba akamgeukia Mzee Mwidani, mgeni wa heshima, mwenye asili ya kupimia wengine. Mzee akakohoa. "Wallahi, hata kwetu lipo joho hilo. Sisi tuliambiwa ni risasi."

Aliyecheka ni Shangazi peke yake, na buibui la kujifichia liko dirishani.

Wageni wameondoka wakiisifu halua. Halua tu. Tumerudi nyumbani. Baba kamtungua Babu, kampakata, anakwaruza lile kovu kwa ukucha juu ya kioo. Nilidhani atanipiga. Heri angenipiga.

Sasa hivi kaniita.

"Mwanasaumu!"

"Abee, Baba."

"Yule kijana wa posta... joho lilimkaa nani vyema, babu yake ama wetu? Sema kweli, mwanangu."

Nimesema naja, nazima jiko. Jiko halijawashwa. Lilimkaa vyema babu yake Nguma, kipofu angeona, na kusema hivyo ni kumvua Baba joho. Na Baba anangoja, fremu mapajani, ameniita tena —